Kitabu Chenye Mgongo

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu anatolewa kitabu. Kitabu chenye mgongo, si vile vijarida vya pini. Mhariri kapiga simu leo mchana nikiwa na gundi mpaka kwenye viwiko, na msimamizi akaniruhusu kuongea humohumo kiwandani, jambo ambalo hajapata kumruhusu mtu tangu tumjue.

Haya, sasa nisalimie. Habari za tangu tuachane, daftari langu. Nimekutelekeza kiangazi kizima, lakini mvua zimeanza na habari imekuja, na mimi nikiwa na habari nikakosa wa kumwambia naweza kupasuka. Majirani nimeshawaambia wote. Muuza magazeti wa pale kituoni nimemwambia alasiri na nikamwambia tena jioni.

Niandike ilivyokuwa, asije mtu kesho akasema ni bahati.

Wanangu ni wawili. Mkubwa wa kiume tunamwita Kimya. Huyo alizaliwa bila sauti. Mkunga kampiga makofi, wapi. Mimi nikamwita jina lake, lile nililokuwa nimemchagulia tangu yumo tumboni, ndipo akalia. Sasa ni karani wa bohari ya vyuma na bado maneno kwake ni ya kuokoteza. Mdogo ni wa kike, kitindamimba wangu, tunamkatishia Kitinda. Mikono ya huyo Mungu aliitengeneza siku ambayo hakuwa na kazi nyingine.

Wawili hawa wamekuwa wakitoa kijarida cha katuni, dada anachora, kaka anatia maneno. Kinaitwa Kilichopotea. Ni habari za mwanamke mzoa taka ambaye kila akiokota kitu cha maana jalalani humtafuta mwenyewe amrudishie. Kila toleo kitu kimoja: kiatu cha mtoto, picha ya arusi, meno ya bandia. Karatasi chache zimekunjwa katikati, pini mbili, basi. Muuza magazeti hukitundika kwa kibanio cha nguo.

Mimi nimekulia kwenye chumba cha kujalidi. Najua kitabu ni nini. Kitabu kina mgongo. Ukikiweka rafuni kinasimama na jina lake unalisoma bila kukigusa. Kijarida cha pini hakisimami, kinajilaza kama mlevi. Nimewaambia wanangu mpaka nimechoka: tokeni kwenye pini.

Basi mwezi uliopita nikajitwalia hatua. Nikakusanya matoleo yote, nikang'oa pini, nikatoa yale majalada yenye rangi zilizochujuka na matangazo ya fundi simu, nikayatupa kwenye taka za karatasi. Nikabaki na hadithi tupu. Nikaishona kwa uzi, nikaitia gundi, nikakata kingo kwa mashine zikawa laini kama sabuni, nikaivisha jalada gumu la buluu. Mhariri alipokuja kiwandani kukagua kazi yao nyingine, nikamwekea mbele yake palepale mezani. Kaanza kukifungua amesimama. Mara akavuta kiti.

"Huyu anayetia alama ya jani pembeni mwa kila ukurasa ni nani?" akauliza.

"Ni binti yangu," nikasema. "Jani ndilo sahihi yake."

Na leo wamekikubali. Kukipa mgongo nilikipa mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Nguo hazikauki. Kitinda anaimba bafuni.

Jumapili, 9 Machi

Kimya amekuja kula nasi, kaleta sukari kama kawaida yake, mwavuli wake umevunjika ubavu mmoja. Nikampa habari kabla hajavua viatu. Kitinda alikuwa ameshamwambia kwa simu, lakini ya kwangu ilikuwa na chumvi zaidi.

"Mhariri anasema sasa siyo katuni tena," nikamwambia. "Inaitwa riwaya ya picha."

"Kurasa si ni zilezile?" akauliza.

"Zilezile, kaka," Kitinda akasema, "ila sasa zinasomwa pamoja. Mtu anaanza na kumaliza. Na ukurasa unapumua."

"Katuni nayo ilikuwa inapumua. Ilikuwa inashusha pumzi mwezi mzima." Hayo kwa Kimya ni hotuba. Kisha akaongeza, "Kijarida kinasubiriwa. Mtu anakaa na swali lako, analala nalo, anakwenda nalo kazini. Kitabu unakimaliza jioni moja, unakirudisha rafuni."

"Na rafuni kinaonekana," nikasema. "Kijarida chako kinafungia vitumbua vya watu."

Kitinda akacheka, na Kimya naye akatabasamu kidogo. Akaomba kukiona kile nilichojalidi. Akakigeuza. Akafungua mwanzo, akafungua mwisho, akapitisha kidole kwenye kingo nilizozikata.

"Majalada yako wapi, mama?"

"Nimetupa. Yalikuwa machafu."

"Ah," akasema. Akanywa chai yake mpaka ikaisha. Alipokuwa akiondoka, mlangoni, akasema, "Umekata vizuri."

Nimefurahi. Huyu hasifu ovyo.

Jumatano, 12 Machi

Mama Gundi amenuna. Ni mwenzangu, tunakaa meza moja. Yeye anapaka, mimi nabana. Kila mwezi wakati wa chakula alikuwa akitoa Kilichopotea kwenye mfuko wa aproni na kukisogeza karibu na pua yake kama anayenusa.

"Toleo la mwezi huu liko wapi, shoga?"

"Hakuna tena. Linakuja kitabu."

"Lini?"

"Mvua zikiisha."

"Toleo lililopita limeniacha na yule mzee wa ufunguo mlangoni, sijui kama amefunguliwa au hajafunguliwa, halafu unaniambia mvua zikiisha."

Nikamweleza kwamba riwaya ya picha ni kama chakula cha sahani, mtu ananawa, anakaa, anaheshimika. Katuni ni ya mkononi, unatafuna unatembea.

"Na mwenye njaa anakimbilia kipi?" akaniuliza.

Mama Gundi huwa hana jibu la kawaida.

Jumatatu, 17 Machi

Leo tumetia sahihi. Nasema tumetia, aliyetia ni Kitinda, lakini mimi ndiye niliyemshikia mkoba na kumfuta tope kwenye kisigino. Ofisi ya Mhariri ina rafu mpaka darini, na kila kitabu kimesimama. Nilitaka kulia kwa raha.

Mhariri ni mama wa makamo, miwani yake ananing'iniza kifuani. Ametusomea karatasi. Pale pa mwandishi na mchoraji palikuwa na jina moja. Kitinda akaliangalia, akakohoa, akachukua kalamu.

"Michoro ni mizuri," Mhariri akasema, "lakini kilichonikalisha kitini siku ile ni maneno. Huyu mzoa taka anavyoongea. Umejifunzia wapi, binti?"

Kitinda alikuwa anakoroga chai ambayo sukari ilishayeyuka zamani. Nikaona aibu inamkamata, nikamjibia mimi. "Ni kipaji tu. Ametoka nacho tumboni."

Nilitaka niongeze kwamba kaka yake humsaidia maneno. Lakini mazungumzo yalishapita, na mtu hasimamishi basi kwa ajili ya kofia. Isitoshe maneno si ndiyo haya haya tunayoongea kila siku? Kuchora ndiyo kazi.

Njiani Kitinda hakuimba. Nadhani ni uchovu.

Jumapili, 23 Machi

Kimya hajaja. Amesema bohari wanahesabu mali.

Jumapili, 30 Machi

Hajaja tena. Wanahesabu nini, misumari mmojammoja?

Jumamosi, 5 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwenye jalada.

Majalada ya kitabu yameletwa kiwandani leo asubuhi, maana mchapishaji ametupa sisi kazi ya kujalidi. Niliomba mwenyewe kwa msimamizi, nikamwambia kitabu cha mwanangu hakiguswi na mtu mwingine. Nikafungua bunda la kwanza. Mzoa taka amesimama mvuani na mkokoteni wake, na juu yake jina la binti yangu, herufi kubwa kama za duka. Nikamwita Mama Gundi aje aone. Nikamwita na msimamizi. Nikawa naenda na jalada lile meza hadi meza.

Mama Gundi akalisogeza puani, akaligeuza, akaligeuza tena.

"Na Kimya?"

"Kimya vipi?"

"Jina lake."

"Kimya alitia maneno tu, mwenzangu."

Akaweka brashi chini. Gundi ikaanza kukauka na yeye hakuijali, na miaka yote hii sijawahi kumwona anaacha gundi ikauke.

"Wewe, macho yangu haya unayajua," akasema. "Picha mimi sizioni. Naona vivuli vivuli tu. Nilikuwa nasoma maneno. Kila mwezi nilikuwa nasoma maneno ya mtoto wako, na wewe umekaa hapo ubavuni kwangu."

Nikamwambia mbona jina lake halikuwamo tangu mwanzo. Akaniambia lilikuwamo. Kwenye jalada la kila toleo, chini, mstari wa kwanza: Hadithi, jina lake. Mstari wa pili: Michoro, jina la dada yake. Lake ndilo lililotangulia. Ndani hamkuwa na jina, mlikuwa na lile jani la Kitinda tu.

Nikaenda kwenye kona ya taka za karatasi. Najua mnunuzi wa karatasi hizo huzoa kila wiki. Nilikwenda hivyohivyo, nikainamia lile pipa, mikono miwili mpaka chini, nikapekua vipande vya kazi za watu wengine. Msimamizi alinitazama kupitia kioo cha ofisi yake. Ni mtu mkali, lakini leo aliteremsha pazia.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Kitinda anachonga penseli.

"Ulijua?" nikamwuliza.

Hakuniuliza namaanisha nini.

"Siku ya sahihi nilitaka kusema. Halafu wewe ukasema nimetoka nacho tumboni. Nikajiambia nitasema kesho."

"Kesho ipi?"

"Kila kesho, mama. Kila siku inakuwa ngumu kuliko jana. Na mimi pia..." Akaacha penseli. "Na mimi pia nilipenda kidogo. Jina likiwa peke yake."

Nilitaka kumzaba kibao. Mkono ukakataa, maana nani aliyemzoesha? Tangu mdogo, kaka akimfungia kiatu nilikuwa nasema, tazameni Kitinda amevaa kiatu.

"Yeye amekwambiaje?"

"Hajaniambia kitu. Unamjua."

Mvua ilikuwa inapiga bati tukashukuru wote wawili kwamba hatusikilizani.

Jumapili, 13 Aprili

Nimekwenda mwenyewe chumbani kwa Kimya, kule nyuma ya bohari. Mlango ulikuwa wazi, ndani kumefagiliwa. Kitanda kimebaki mbao. Ukutani msumari alipokuwa akitundika mwavuli, na chini yake ukuta umefanya alama ya maji.

Jirani yake alikuwa anakinga maji kwa ndoo. "Amehama, mama. Ameomba mwenyewe kuhamishiwa bohari ya mji mwingine. Hakukuaga?"

Nikasema aliniaga, ila nilisahau kitu. Uongo mwingine.

Nikampigia nikiwa nimesimama humohumo ndani. Akapokea.

"Shikamoo mama. Huko mvua?"

"Marahaba. Mvua. Kwa nini hukusema, mwanangu?"

"Nilisema."

"Ulisema lini? Mimi nina masikio."

"Nilikuuliza majalada yako wapi."

Akaniuliza kama goti langu bado linauma nikipanda ngazi. Nikasema haliumi. Akaniambia nisitembee kwenye maji. Halafu tukawa tunasikilizana mvua, ya kwake huko na ya kwangu hapa.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 18 Aprili

Mvua. Leo jirani kauliza kitabu cha binti kinatoka lini. Nikamwambia sijui, nikaingia ndani. Kajitahidi kunisemesha dirishani, kadhani naumwa.

Jumatatu, 28 Aprili

Kurasa zimekuja kutoka kwenye mashine. Kazi yangu ni kuzikunja na kuzipanga, na mkono wangu unakunja bila mimi, kwa hiyo macho yalikuwa na nafasi. Nimesoma. Nakiri hapa na sitarudia kwa mtu: nilikuwa sijasoma. Nilikuwa natazama picha tu, nasema Kitinda jamani, tazama anavyochora vidole.

Mzoa taka anamkuta mtoto analilia kiatu. Anamwambia, "Kitu hakipotei. Kinakaa tu mahali ambapo wewe hujakaa."

Hilo ni langu. Hilo nilikuwa nikiwaambia wao kila asubuhi wakitafuta soksi.

Nikafunua mbele. Mjane ameletewa meno ya bandia ya marehemu mumewe, hajui acheke au alie, na mzoa taka anamwambia, "Cheka kwanza, kulia hakuchelewi." Baba yao alipofariki nililisema hilo jikoni, kwa nani sijui, nilidhani nasema na sufuria. Kimya alikuwa amekaa kwenye ndoo, na kitabu cha shule mapajani.

Kila ukurasa. Utani wangu, matusi yangu madogomadogo, ile tabia yangu ya kuanza na jibu kabla ya swali. Yule mwanamke wa mkokoteni ni mimi. Nilimwona mwanangu hasemi, kumbe alikuwa anasikiliza. Mtu anayekusikiliza hivyo, miaka yote hiyo, utamlipa nini?

Mhariri ameondoa yale maswali yaliyokuwa yakifunga kila toleo. Hadithi sasa inapita moja kwa moja, laini. Mama Gundi ameona hilo kabla yangu. "Wamekata pale pa kushikia," akasema.

Alhamisi, 8 Mei

Tumekwenda kwa Mhariri, mimi na Kitinda. Nilijiandaa kuongea mimi, lakini mlangoni Kitinda akanishika mkono akasema, "Safari hii niachie, mama."

Akasema yote akiwa amesimama. Hakujipunguzia hata nukta. Mimi nilikuwa nimeshamhesabu huyu mtoto kuwa ni mwizi. Leo nimeona ni mtoto tu aliyesifiwa kupita kiasi, na sifa zile nilizipika mimi.

Mhariri alivaa miwani, akaivua. "Mngeniambia mwezi wa tatu," akasema. Si mtu mbaya. Nilitamani awe mbaya, mzigo ungegawanyika. "Jalada limeshachapwa. Kurasa zimeshachapwa. Toleo la pili, kama litakuwapo, tutaweka majina yote mawili."

"Basi sitakuja kwenye uzinduzi," Kitinda akasema. "Na mkiniuliza sababu nitaisema kwa waandishi wa habari."

Wamekubaliana karatasi ndogo ya masahihisho, ibandikwe ukurasa wa kwanza: Hadithi na maneno ni ya fulani. Nikasema kazi ya kubandika ni yangu.

Jumatano, 14 Mei

Tumebandika, mimi na Mama Gundi. Yeye anapaka ukingo mwembamba, mimi nalaza jina, nakandamiza kwa kidole gumba. Kila kitabu. Jina lake limepita chini ya kidole changu siku nzima.

Nilimpigia jioni nikamwambia, nikiwa na furaha kidogo, ya kuokota.

"Ahsante mama," akasema. "Lakini ya kubandika hutoka. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Ni kweli. Nilimfundisha akiwa darasa la pili, pale pale mezani kwangu. Kilichoshonwa hukaa, kilichobandikwa huomba ruhusa.

"Njoo kwenye uzinduzi," nikamwambia.

"Nitaona."

Ijumaa, 16 Mei

Leo kimetoka kitabu kimoja kwenye bunda, nikakikung'uta. Ile karatasi ya jina lake imedondoka miguuni kwangu.

Jumanne, 20 Mei

Wakati wa chakula Mama Gundi katoa kitu kwenye mfuko wa aproni. Hakukisoma. Akakisukuma mbele yangu.

Kilichopotea, toleo jipya. Muuza magazeti kamuuzia; kimekuja na mzigo wa basi kutoka ule mji mwingine. Si cha kuchapwa, kimetolewa nakala kwa mashine ya dukani, weusi umevuja. Pini mbili, moja imekaa upande. Kwenye jalada: Hadithi, jina lake. Michoro, jina lake, na kando, kwa herufi ndogo, "samahani."

Kweli hajui kuchora. Watu wake ni vijiti vya kiberiti, mkokoteni unafanana na kuku. Kisanduku cha kwanza cha picha nilicheka, na Mungu ananiona.

Mzoa taka anapekua gunia la vipande vya karatasi kutoka kiwandani. Anaokota kipande chenye jina la mtu. Anakwenda bohari ya vyuma kuuliza. "Alikuwapo," wanamwambia. Anakwenda kwa mama mwenye miwani. "Kwetu halijafika." Anakwenda kwa msichana mwenye penseli, na msichana anatazama miguu yake. Hajamchora vibaya, Kitinda. Hata kwa vijiti unaona kwamba anampenda.

Mwisho anafika kwenye nyumba moja. Mlangoni yuko mwanamke mwenye mkasi mkubwa kuliko yeye.

"Mama, jina hili ni la nani?"

"Nionyeshe mgongo wake."

"Halina mgongo. Ni jina tu."

"Basi si la hapa."

Mlango umefungwa. Mzoa taka anakunja lile jina, analitia mfukoni, anasukuma mkokoteni wake. Mvua amechora vizuri, ni mistari tu.

Kila toleo lilikuwa linaisha kwa swali. Hili halina swali.

Mama Gundi alinisubiri. "Mlangoni ni wewe?" akauliza.

"Mlangoni ni mimi. Na kwenye mkokoteni ni mimi."

"Basi unajitafuta mwenyewe, shoga."

Nimerudi kazini, nikabana vitabu mpaka kengele. Ukiniuliza leo kipi kinafaa kusomwa, chenye mgongo au cha pini, sitakujibu kama nilivyokuwa nikijibu. Kile cha buluu nimekipita mara ngapi rafuni, kimesimama, jina linasomeka kutoka mlangoni, na hakijawahi kunigusa. Hiki kinajilaza kama mlevi, wino umeniingia kwenye vidole, na mpaka sasa nimekishika.

Jumamosi, 24 Mei

Mvua imepungua. Nimekaa mezani na penseli ya Kitinda. Aliniuliza nafanya nini, nikamwambia aondoke. Akaondoka, akarudi na kifutio, akakiweka mezani.

Ikiwa Kimya anachora kuku na kumwita mkokoteni, mimi pia naweza. Nimechora nyumba. Nimechora mlango. Mwanamke wa mkasi nimemchora mara nyingi, anakuwa kama kaa wa baharini. Nimemwacha hivyohivyo, kaa na awe kaa. Katika kisanduku cha kwanza mkasi uko chini sakafuni. Katika cha pili yuko nje, mvuani, hana mwavuli, anamkimbilia mwenye mkokoteni.

"Wewe, simama. Ulipita hapa na jina."

"Ulisema si la hapa."

"Nilisema upumbavu. Lilete. Nililichagua mimi, mwenyewe akiwa bado tumboni. Nikamwita nalo, ndipo akalia."

Mzoa taka anaingiza mkono mfukoni. Hapo nimeacha kisanduku kitupu. Nilitaka kuchora jina, nikaona si mimi wa kulitoa mfukoni. Ni yeye, mwanangu.

Chini nimeandika swali, kama alivyokuwa akifanya. Nimeandika: Utakuja?

Nimekunja katikati. Nimetia pini mbili, mimi, ambaye nimezitukana pini tangu ujana. Kwenye jalada nimeandika Michoro, mama yake. Pale pa Hadithi nimeandika jina lake peke yake, kwa sababu maneno yote niliyo nayo nimeyakuta kwake.

Jumatatu, 26 Mei

Muuza magazeti amekipokea. Akakitazama mbele na nyuma. "Bibi, hiki kitauzwa kweli?"

"Nakala ni hiyo moja. Mnunuzi ni mmoja. Yuko bohari ya vyuma ya ule mji mwingine."

Hakunitania. Akakitia katikati ya magazeti kisipate maji, akafunga mzigo, akaupeleka kwenye basi mwenyewe.

Jumatano, 28 Mei

Simu haijalia.

Alhamisi, 29 Mei

Jua limetoka kidogo, nimeanika mashuka. Msimamizi ameniambia kwa aibu kwamba atavaa suti. Mhariri amethibitisha ukumbi wa duka la vitabu. Kitinda atasema kwanza, na maneno ya kwanza atakayosema ni jina la kaka yake, amenisomea mimi na nimemwambia apunguze kulia. Mama Gundi anakuja na miwani mpya. Jirani anakuja, muuza magazeti anafunga kibanda kwa ajili yetu. Baadaye wote wanakuja hapa nyumbani, na nimeazima viti, nimeosha vikombe, na msumari wa nyuma ya mlango wetu nimeupigilia vizuri, maana mwavuli uliovunjika ubavu ni mzito ukilowa.

Mwanangu sijui. Nimebaki kama Mama Gundi na mzee wake wa ufunguo, nimeachwa mlangoni na swali, nalala nalo, nakwenda nalo kazini. Wengine wamesema wanakuja, na yeye hajasema haji. Uzinduzi ni Jumamosi hii, tarehe thelathini na moja, saa nne asubuhi.